Noti za Lori

Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, nasi wa Mangina, mashariki mwa Zaire, nchi ambayo leo ni Kongo, tulioijua Brazili kwa jina la Pelé tu, tukaneemeka. Bei ya kahawa ilipanda mpaka 1977. Jirani zetu waliezeka nyumba kwa mabati, wakanunua mbuzi, wakawatolea vijana wao mahari.

Baba hakununua kitu. Aliwaona wafanyabiashara wa Butembo wakipakia magunia yetu na kwenda kuyauza kwa faida tusiyoiota, akataka lori lake mwenyewe. Pesa ndogo alizibadilisha kwa noti kubwa, za zaire 5 na 10, zikae vizuri kwenye debe chini ya kitanda. Mama akiomba kitenge, jibu lilikuwa, "Mama watoto, ngoja lori." Baba mdogo alipokuja kukopa pesa za dawa ya mtoto, alipewa kwa shingo upande. Wageni tukaacha kuwalaza. Usiku tulisikia debe likivutwa, baba anahesabu. Kila pesa zilipokaribia kutosha, bei ya lori ilikuwa imeshakwenda mbele, naye akangoja mavuno mengine.

Siku ya Noeli, 25 Desemba 1979, Rais Mobutu akatangaza kwamba noti za 5 na za 10 zimekufa. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa mfupi, tena kwa kiasi chenye mpaka. Mangina hatukuwa na benki. Baba alikwenda mjini na debe lake, akasukumana na umati mlangoni, akarudi na noti mpya chache. Zilizobaki tulichezea duka sisi watoto.

Ule ulikuwa wizi wa serikali, na sitasema baba alistahili. Ila bati na mbuzi wa jirani havikufutwa na tangazo la redio. Aliyetamani kidogo alikuwa ameshakipata. Aliyetamani kikubwa ndiye aliyekutwa na makaratasi.

Tena nikiulizwa tulitaabika lini, sitaji 1980. Nataja miaka ile ya debe, tulipokuwa na pesa nyingi kuliko wakati wowote. Baada ya kupoteza, baba alilala usingizi, akapatana na mdogo wake. Mavuno yaliyofuata yalilipa kitenge cha mama, bati chache na karo yangu. Aliyamaliza mwezi uleule, na mama ndiye aliyeanza kulalamika kwamba hatuweki akiba.