Barua kutoka Milton Keynes: Arobaini ya mtoto njiti

Dada yangu, na ninyi nyote mnaonisoma huko Tanga,

Mjukuu wako anapumua mwenyewe, ananyonya, anaongezeka uzito. Nimeanza na hilo ili usome mengine moyo ukiwa umetulia.

Kwenye simu uliniuliza kwa uchungu: mtoto ametoka hospitali, mbona watu hawaruhusiwi kumpakata? Mbona arobaini imepita kimya kana kwamba hakuna aliyezaa? Mambo hayo hayaelezeki kwa simu inayokatikakatika, kwa hiyo naandika.

Mtoto alizaliwa ujauzito ukiwa na wiki 29. Wiki alizozikosa ndizo ambazo mtoto tumboni hujiwekea mafuta chini ya ngozi ya kumpa joto, huchota madini ya chuma kwa mama yake, hupokea sehemu kubwa ya kinga ya mama dhidi ya maradhi, na mapafu yake hukomaa. Hata kunyonya, kumeza na kupumua bila kupaliwa mtoto huanza kukumudu kuelekea wiki ya 34. Kabla ya hapo binti yako alikuwa akikamua maziwa usiku na mchana, nayo yakipitishwa kwenye mpira mwembamba puani mwa mtoto. Waliporuhusiwa kuondoka, mtoto alikuwa anaweza kunyonya na kutunza joto lake. Madini ya chuma, kinga na nguvu alizozikosa bado hakuwa nazo, na kazi ya zamu tatu za wauguzi sasa ikawa ya watu wawili.

Hawakuachwa hivi hivi, hilo lazima niliseme. Kabla ya kutoka walilala naye hapo hospitalini kwenye chumba cha wazazi, wakimhudumia wenyewe, muuguzi akiwa karibu lakini haingii mpaka aitwe. Walifundishwa la kufanya mtoto akiacha kupumua, wakafanya mazoezi kwa mwanasesere. Walipewa kitabu chekundu, kama kadi yetu ya kliniki, na matone ya vitamini na ya madini ya chuma. Muuguzi wa watoto njiti huja nyumbani na mizani yake. Pamoja na hayo, binti yako ananiambia usiku wa kwanza nyumbani ulimtisha kuliko usiku wa kujifungua. Wodini mashine ilikuwa ikilia kila mtoto aliposahau kuvuta pumzi. Nyumbani hakuna mashine. Walikesha kwa zamu, mmoja akiwa ameweka kiganja kifuani pa mtoto.

Ndiyo maana wageni wanazuiwa, dada. Mafua yanayokufanya wewe upige chafya siku mbili yanaweza kumrudisha njiti kwenye oksijeni. Anayekuja ananawa mikono hadi kwenye viwiko, mwenye kikohozi anabaki kwake, na mvuta sigara hampakati. Shemeji mmoja alinuna. Acha anune.

Jambo jingine lililokuudhi ni kofia. Picha niliyokutumia ilimwonyesha mtoto amelala kichwa wazi, na nje baridi kali. Wodini alivishwa kofia, kwa kuwa alikuwa hawezi kutunza joto. Sasa anaweza, na mtoto akizidiwa na joto hulitoa kwa kichwa, tena joto likizidi usingizini ni hatari kwake. Hapa wanashauri chumba kiwe na nyuzi 16 hadi 20, mtoto alazwe chali kwenye kitanda chake, kando ya kitanda cha wazazi. Kulala naye kitanda kimoja wanakukataza kabisa ikiwa alizaliwa kabla ya wiki 37 au akiwa chini ya kilo 2.5. Najua sisi sote tulilala ubavuni mwa mama. Kwa njiti nakubaliana nao bila shaka yoyote.

Lakini kuna dawa moja ambayo hakuna aliyehitaji kutufundisha namna ya kuifunga. Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, mashine za kutunzia joto zilikuwa hazitoshi na watoto wakiambukizana maradhi. Daktari Edgar Rey akaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Miaka mingi dunia iliichukulia kuwa njia ya maskini. Kisha utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2021, ukaonyesha kwamba kuanza kumbeba njiti kifuani mara tu anapozaliwa, badala ya kusubiri kwanza atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani. Khanga uliyotuma ndiyo inayofanya kazi hiyo hapa, na mara nyingi amefungwa kifuani mwa baba yake, mama apate kulala. Kumbe akina mama wa kwetu walikuwa sehemu ya ushahidi uliowageuza madaktari wa dunia nzima! Nimelisema hilo kwa kila muuguzi aliyepita hapa.

Baba huyo apewe sifa yake. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 sheria ya Uingereza inampa kila mzazi aliyeajiriwa wiki moja ya nyongeza kwa kila wiki ambayo mtoto wake amelazwa, mpaka wiki 12, juu ya likizo ya kawaida ya uzazi. Sheria njema sana. Ila haimfikii anayefanya kazi kupitia wakala kama mkweo, ambaye hahesabiki kuwa mwajiriwa, na wahamiaji wengi tuko huko. Usiku yuko kwenye ghala anapanga maboksi, asubuhi anambeba mwanawe.

Lililonifanya niwaandikie na ninyi wengine ni hiyo arobaini. Kwetu mzazi ana siku zake arobaini. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, nguo za mtoto zinafuliwa na mikono mingine. Mama wa njiti siku hizo zinamwishia kwenye benchi la wodi. Anaporudi nyumbani na mtoto, watu wameshatawanyika, wanaona uzazi umepita, naye ndio kwanza anaanza. Hapa Milton Keynes hakuna hata wa kutawanyika. Huko Tanga wapo, ila wanakuja kabla ya wakati.

Sheria ya kazi ya Tanzania imeliona jambo hili. Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, alilipigania kwa miaka, na marekebisho ya mwaka 2025 yanamwongezea mama wa njiti likizo kwa muda uliobaki mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie, na baba anapata siku 7 badala ya 3. Anayekaanga samaki sokoni au kulima muhogo hana mwajiri wa kumdai likizo. Ana ninyi tu.

Kwa hiyo naomba: mtoto akizaliwa njiti, arobaini ya mama yake ianze kuhesabiwa siku mtoto anapoingia nyumbani. Mnaokwenda kumwona, mpokeeni mama ndoo na sufuria, mtoto mwacheni kifuani pake. Msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi uleule. Chanjo zake hufuata tarehe aliyozaliwa, lakini kukaa na kutembea kwake, kwa miaka miwili ya mwanzo, kupimeni kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Na mkiona amekataa kunyonya, anahema haraka au kifua kinabonyea, amekuwa baridi au wa manjano, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.