Neno moja, vibanja viwili

Hapa Kitendaguro ukisema kibanja kila mtu anakuelewa: migomba, mibuni katikati yake, nyumba, na makaburi ya waliotutangulia. Ukivuka Mutukula ukafika Masaka neno ni lilelile, ila mwanasheria wa kule anasikia kitu kingine. Kibanja cha Buganda ni haki ya mtu anayekaa juu ya ardhi ya mailo ambayo hati yake iko kwa mwingine, naye humlipa mwenye hati busuulu. Mailo yenyewe ilizaliwa na mkataba wa 1900, Waingereza walipogawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba.

Naanza na kibanja kwa sababu mdogo wangu amemaliza shahada ya sheria Dar es Salaam na mchumba wake yuko Masaka.

Mama haoni tatizo. "Waitu, Masaka si hapo tu?" Na kweli ni hapo. Kahawa inavuka, ndizi zinavuka, harusi zinavuka, na ukijua Kihaya, Luganda hakikusumbui sana. Uwakili hauvuki.

Kwetu mwenye shahada anapita kwanza Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, ndipo aombe kuapishwa na Jaji Mkuu. Uganda, mhitimu anakwenda Law Development Centre ya Kampala, iliyokuwepo tangu 1970. Kila njia inakula karibu mwaka mzima, na ada juu yake. Aliyekwisha kuapishwa nchi nyingine anaweza kupeleka maombi kwa Law Council ya Uganda, lakini kuomba si kupata. Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, aliomba kibali cha muda ili amtetee Kizza Besigye. Desemba 2024 akanyimwa, Januari 2025 akapewa. Kama mtu wa uzito huo alizungushwa, binti wa Kitendaguro ambaye hata joho hajalivaa afanyeje?

Halafu kuna vichekesho. Mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, wakili mwenye haki ya kusimama katika mahakama za juu za nchi mwanachama yoyote anaruhusiwa kusimama. Yaani mdogo wangu akiapishwa Dar anaweza kuishtaki serikali ya Uganda kule Arusha, ila hawezi kumtetea mwizi wa kuku Masaka. Wazee wetu walikuwa na Mahakama ya Rufani moja kwa nchi tatu, hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Na wala tusiwacheke Waganda: wakili wa Bara hapandi boti tu akaanza kazi Zanzibar. Wamarekani, wenye majimbo 50, angalau wamepata mtihani mmoja unaotumiwa na majimbo mengi, na mhitimu anahama na alama zake (New York wanataka 266 kati ya 400). California wamegoma kuingia.

Wenzangu wa magazetini hupenda kusema mawakili wanalinda tonge lao. Wanalilinda, sikatai. Lakini rudi kwenye kibanja. Huku ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni mali ya wananchi wenyewe. Bibi kizee wa Masaka akimwendea wakili anayelisikia neno kibanja kwa masikio ya Bukoba, anaweza kupoteza shamba. Tena tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, wakati Uganda wakili anasimama na Kiingereza chake. Kwa hiyo kizuizi kiwepo. Ninachokataa ni kumrudisha mtu darasani mwaka mzima kujifunza tena namna ya kuandika hati ya madai. Apewe mtihani wa yale yanayotofautiana, basi.

Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walishatiliana saini za kutambuana vyeti baada ya Itifaki ya Soko la Pamoja kuanza kazi Julai 2010. Mawakili wamebaki mezani.

Mdogo wangu aliingia kwenye sheria kwa ajili ya hukumu ya Jaji Mwalusanya ya 1990, iliyomtambulia mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza shamba alilorithi kwa baba yake, sawasawa na mwanaume. Anataka kesi za namna hiyo, na hizo ziko huku. Fomu ya Shule ya Sheria ameshaijaza.

Mchumba wake ni mhasibu. Wiki iliyopita alimwambia kwenye simu, mimi nikiwa palepale: "Cheti chako ndicho kina njia. Vuka wewe."

Kijana hajajibu. Mama amejibu tayari, tena kwangu: "Mwanaume ataanzaje kuhamia ukweni?"