Taa Mbili Kutoka Kwale

Katika nyumba yetu hakujapata kujadiliwa jambo kwa muda mrefu kama safari ya usiku mmoja ya kijana wetu kwenda kisiwa cha Kwale. Tumeoza mabinti wawili kwa mashauriano machache kuliko hayo.

Kwale ni kisiwa kidogo katika Ghuba ya Menai, kusini mwa Fumba, Unguja. Ukisimama pwani ya Fumba asubuhi yenye mwanga mzuri unakiona: mikoko, mibuyu, na fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa. Mchana hufika wageni wanaotembezwa kwa mashua. Jioni hurudi wote, na kisiwa kikabaki na kaa na ndege wake. Huko ndiko kijana wetu, mwenye umri wa miaka ishirini, alikotaka kwenda peke yake kwa ngalawa ya marehemu babu yake, avue kwa mshipi, alale, kisha arudi.

Bahari si ngeni kwake. Tangu ana miaka kumi amekuwa akifuatana na ami yake, na marehemu babu alikuwa mtu wa dago, akipiga kambi visiwani wiki nzima na wenzake. Lakini dago ni kazi ya watu wengi. Ngalawa yenyewe hutaka watu wawili, mmoja kwenye tanga na mwingine kwenye usukani. Mamake alisema neno moja tu: “Wenzake babu yake walikuwa wanne, na siku moja walirudi watatu.” Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.

Tulikwama hapo kwa siku nyingi. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake, na hatukutaka kulipuuza hilo kwa sababu tu kijana ana hamu. Ami yake ndiye aliyetoa shauri. Bahari ivukwe mchana mtupu, kwenda na kurudi. Usiku asitie mguu ndani ya ngalawa isipokuwa kwa kuikaza nanga. Na kutoka kisiwani atuoneshe taa ya tochi mara mbili, baada ya Isha na baada ya Alfajiri, akiiwasha na kuizima mara tatu kila mara. Taa isipoonekana, mashua ya jirani ingeondoka papo hapo. Mamake alinyamaza, nasi tukauchukua ukimya wake kuwa nusu ya idhini.

Ikabaki kuchagua siku, na hapa tulijifunza kwamba kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani kwetu ni kitabu cha bahari pia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, ambapo maji ya Unguja hujaa sana yapata saa kumi na kupwa sana yapata saa nne, na mikondo huwa na nguvu. Mwezi ukiwa nusu, yaani karibu na tarehe 8 na tarehe 22, huwa ni maji mafu. Hapo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kwake huangukia karibu na saa nne. Kwa mtu aliye peke yake, maji mafu ni rehema. Tukachagua tarehe 8, ili pia apate mwanga wa mwezi hadi karibu na usiku wa manane. Ilikuwa Jumamosi, hivyo Sala ya Ijumaa haikumpita.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi ingempeleka Kwale kwa urahisi na kumsumbua wakati wa kurudi. Kusi ingemrudisha vizuri, ila bahari yake huchafuka. Tukangoja tanga mbili, mwezi wa Novemba, wakati pepo hizo zinapopokezana na hakuna iliyoshika usukani. Tanga kubwa likabaki nyumbani, akafungiwa dogo ambalo mtu mmoja anaweza kulitua.

Kijana alidhani kuwa huko atakuwa msafiri na atakusuru Sala. Ami yake akacheka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, masafa ya kukusuru ni marhala mbili, zaidi ya kilomita 80, na Kwale unaiona kwa macho. Atasali kamili. Kibla hakikutaka dira ya ghali, kwani kutoka Unguja Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Fumba ikiwa mbele yake, hatakosea sana. Udhu atatia kwa maji ya bahari, na dumu la lita 20 liwe la kunywa na kupikia tu.

Mengine yalikwenda haraka: boya la kuvaa, kafi mbili, upo wa kufulia maji, chandarua, mkaa wa kutoka nyumbani ili asiguse mikoko, simu ndani ya kopo lenye kifuniko. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, kwa hiyo tuliomba ruhusa kwanza. Bibi yake aliongeza onyo lake, kwamba akivua bunju amrudishe baharini, na asijaribu ujuzi wa wanaodai kujua kumsafisha.

Aliondoka saa mbili asubuhi, maji yakijaa. Jioni tulikwenda pwani sote, hata bibi. Adhana ya Isha ikaadhiniwa, tukasali palepale mchangani. Tulipotoa salamu hapakuwa na taa. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Jirani alikuwa ameshaisukuma mashua yake, na mamake alikuwa amesimama majini hadi magotini bila kujua, taa ilipowaka. Mara tatu. Kisha, kinyume cha makubaliano, mara tatu nyingine.

Alirudi kesho yake kabla ya Adhuhuri. Alieleza kwamba maji yalikuwa yakijaa, ngalawa ikaanza kuelea na kuburura nanga, akaona bora aiokoe kwanza kuliko kuwasha taa. Ami yake alimkubalia. Mamake hakusema kitu, alimpokea ndoo akahesabu: changu saba na tasi wawili. Akamuuliza usiku alikula nini.

“Tende, mama. Mkaa ulilowa.”

Anataka kwenda tena tanga mbili ijayo, safari hii siku mbili. Mashauriano yameanza.