Ziwa Lililokua

Aghalabu mtu mzima arejeapo mahali alipopapenda utotoni hukuta pamepungua. Mlima umekuwa kilima, mto umekuwa kijito, na ukumbi uliomeza watoto mia hauwatoshi wageni ishirini. Mwalimu anayesimuliwa hapa alikuta kinyume chake. Ziwa Nakuru, alikopiga kambi katika likizo ya Agosti mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, lilikuwa limekua.

Wakati wa kambi ile ziwa lilikuwa na eneo la takriban kilomita 40 za mraba. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la zamani, ambalo basi la shule lilipitia huku watoto wakiimba, lilifunikwa na maji pamoja na majengo yaliyokuwa kando yake. Uwanja wa mahema haupo. Palipokokwa mioto ya jioni sasa pamesimama migunga iliyokufa, mieupe kama mifupa, maji yakiifika kiunoni.

Kambini aliandika daftarini kwamba heroe hula mwani mdogo mno unaostawi katika maji ya magadi, na kwamba rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Aliyaandika hayo kama mtoto aandikavyo jedwali la kuzidisha, yaani mambo yasiyobadilika. Kumbe yalikuwa maelezo ya hali moja tu ya ziwa. Mvua zilizozidi tangu mwaka 2010 hivi ziliyazimua maji yale, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaenda kutafuta riziki Bogoria na kwingineko. Hawakufa; walihama. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa aliyesimama ufukweni haioni. Jambo la ajabu ni kwamba mwaka 2011 UNESCO ililitia ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Bogoria na Elementaita, na heroe wakiwa miongoni mwa sababu. Wino haujakauka vyema, maji yalikuwa yakipanda.

Alikuwa na sababu ya kuhuzunika zaidi ya kumbukumbu. Wanafunzi wake wa Gredi ya Sita walikuwa wameahidiwa ufuko wa waridi, na baadhi ya wazazi walikwisha kulipa nauli. Ni kweli vifaru wapo, twiga wapo, nyati wapo. Mgeni asiyelijua ziwa la kale angeondoka ameridhika. Lakini ahadi haikuwa ya nyati.

Alasiri aliingia jijini kumtafuta mpishi wa kambi ile, mama aliyewapikia githeri na kuwafundisha kutambua nyayo za fisi. Zamani aliishi Mwariki, mtaa ambao sehemu yake ilimezwa na ziwa. Alimkuta katika chumba cha kupanga, mbali na maji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwatazama ndege?"

"Nilikuja. Sikuwaona."

"Kila anijiaye huniuliza ndege wamehamia wapi," alisema mama yule, bila uchungu wowote sautini. "Hajaniuliza mtu mimi nilihamia wapi."

Mwalimu aliinamisha uso, kisha akauliza. Mama akasimulia: maji yalianza kwenye choo, yakaja jikoni, na kila mvua ilipokatika jirani walisema sasa yatarudi. Hayakurudi. Milango na mabati aliviokoa, vingine vikabaki. Karatasi za kiwanja bado anazo ndani ya mfuko wa plastiki, na kwa mujibu wa karatasi hizo yeye ni mwenye ardhi.

Walikunywa chai. Mwalimu alieleza habari za wanafunzi wake na ahadi aliyowapa, naye mama akasikiliza hadi mwisho.

"Waeleze ukweli kabla hawajapanda basi," alisema. "Halafu waje. Ni wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Na mpishi mmepata?"