Baridi Iliyotugombanisha

Ninyi mlio Njombe au Limuru mnaijua baridi ya Julai. Huku Sheffield, Uingereza, tunakoishi, baridi hudumu miezi mingi, na nyumba yetu ya tangu enzi za Malkia Victoria ina madirisha ya mbao yenye kioo kimoja chembamba.

Mwaka 2022 gesi na umeme vilipanda bei. Kwa viwango vilivyowekwa, bili ya mwaka ya nyumba ya kawaida ilitoka pauni 1,277 hadi 1,971 mwezi Aprili, na Oktoba ikafika 2,500. Hapo ndipo tulipoanza kugombana. Mmoja wetu alizima hita saa tatu usiku, mwingine akanyata kwenda kuiwasha. Pesa ya kumtumia bibi wa watoto tukaipunguza. Jioni moja tulilala bila kusali pamoja, jambo ambalo halikuwa limetupata tangu tufunge ndoa.

Kwa hasira tukaziba kila upenyo, hata matundu ya hewa ukutani. Tulikosea. Nguo tulikuwa tunaanika ndani, mvuke ukakosa pa kutokea, na kabla ya Krismasi ukuta ulio nyuma ya kitanda cha mtoto ulikuwa mweusi kwa ukungu. Akawa anakohoa usiku kucha. Tukabandua yote.

Kubadilisha madirisha hatukuweza, kwani mtaa wetu unahifadhiwa na sura yake ya nje haiguswi bila kibali. Ndipo mama mmoja wa kanisani alipotuonyesha kioo cha pili nyumbani kwake. Ni bamba la plastiki ngumu, angavu kama kioo, linaloshikwa na utepe wa sumaku upande wa ndani wa dirisha la zamani. Kinachozuia baridi hasa ni hewa iliyotulia katikati, kama blanketi mbili nyepesi zinavyoshinda moja nzito. Nafasi ya sentimita 2 hivi yatosha kwa joto. Wanaosumbuliwa na kelele za magari huacha 10 au zaidi. Bamba la ndani lizibwe vizuri pembeni, lakini dirisha la nje lipumue kidogo, la sivyo maji hujikusanya katikati. Matundu ya hewa msiyaguse kama sisi! Na kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka upesi, moto ukitokea. Kama nyumba yenyewe iko katika orodha ya majengo ya kihistoria, ulizeni halmashauri kwanza.

Tulipima wenyewe. Dirisha la jikoni tulilikosea kwa sentimita nzima, tukajikuta tunacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. Chumba cha mtoto tulikimaliza Jumamosi usiku, tukasali palepale kando ya kitanda chake. Mwezi Februari bibi alipata pesa yake kamili, pamoja na ile tuliyoikata Desemba. Hita sasa inazimwa saa nne, na hakuna anayenyata.