Siku ya Tano na Siku ya Sita

Ziwa Tanganyika, ambalo mawimbi yake huosha ufuko wa Kigoma na Ujiji, lina samaki wengi wasiopatikana penginepo duniani. Miongoni mwao yumo kambare mdogo mwenye madoa meusi, ambaye kazi ya kulea haijui. Samaki wa ukoo wa perege atagapo, mama huyatia mayai kinywani ayalee humo. Kambare huja kwa ghafula, akala baadhi, akataga yake papo hapo; na mama, katika haraka ya kuokota, huokota ya mgeni pamoja na yake. Mtaalamu wa Kijapani, Tetsu Sato, aliieleza habari hii mwaka 1986 (jina lake, kwa nasibu njema, ni jina la samaki kwa Kiswahili). Siri ya kambare ni wakati. Mayai yake huanguliwa mapema, na watoto wake, kiini kikiisha, huwala wenyeji wao ambao bado ni wachanga mno.

Katika uzazi wa binadamu wakati una neno lake pia, ingawa si la ukatili. Mwaka 1984 alizaliwa Australia mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa. Kiinitete kilichotungwa nje ya mwili hutunzwa mpaka kiwe kifuko cha chembe mia na zaidi. Kimoja hufika hapo siku ya tano, kingine siku ya sita. Kisha huwekwa katika naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na umri wake husimama. Mji wa mimba hausimami: hupokea kwa siku chache tu, kwa hiyo huandaliwa upatane na umri wa kiinitete, si na tarehe za kalenda. Kwa jumla, vya siku ya tano hushika mimba zaidi kuliko vya siku ya sita.

Mke wa Ujiji aliyeitwa tasa miaka mingi, akasafiri kwa reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 mpaka Dar es Salaam kutafuta tabibu, akiambiwa kwamba kiinitete chake ni cha siku ya sita, aweza kulisikia neno hilo kama hukumu. Si hukumu. Bahati iliyopungua si bahati iliyokatika. Watoto wengi wazima wametoka katika vya siku ya sita, na urithi wa chembe ukiwa timamu tofauti hupungua, ingawa haiishi. Wanaomwita tasa, kwa upande wao, husahau kwamba mara nyingi kasoro ni ya mume, ambaye hakuna aliyemwomba apimwe.