Ujirani wa Seva Moja

Sisi mafundi wa tovuti wa zamani tumekulia kwenye seva za kuchangia. Mashine moja ilibeba duka la vipuri, shule, gazeti na kwaya, na hakuna aliyemchagua mwenzake. Ilikuwa kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme: ukizima swichi kubwa ubadilishe balbu yako, wapangaji wote wanabaki gizani.

Hapo ndipo tulipofundwa adabu. Apache, programu ya seva ya tovuti iliyotoka mwaka 1995, ukiiamuru iwake upya kwa nguvu inawakata wote wanaohudumiwa wakati huo. Aliyekuwa anatuma fomu ndefu huenda akaianza upya. Ukitumia amri ya graceful, kila mchakato unaachwa umalize ombi ulilokwisha kulipokea, ndipo nafasi yake ichukuliwe na mpya wenye mipangilio mipya. Fundi mstaarabu alimaliza kazi yake na jirani asijue kwamba kuna kilichoguswa.

Wenye programu za lugha ya Ruby zilizoendeshwa na Passenger, moduli ya ndani ya Apache, hawakuhitaji hata ruhusa ya kuigusa Apache. Ulipandisha faili zako mpya, kisha ukagusa faili moja, restart.txt, ndani ya folda ya tmp. Mgeni aliyefuata ndiye aliyesubiri kidogo programu iamke. Tovuti za wengine hazikutikisika.

Leo vijana wengi wana makontena yao, kila programu ikiwa imetengwa na za wengine. Toleo jipya linawashwa pembeni, linapimwa, wageni wanahamishiwa huko, halafu la zamani linazimwa. Nasema bila kinyongo: wametupita. Ila wapo wanaodhani kwamba ukishakuwa na kontena lako huna tena jirani. Hifadhidata mara nyingi bado ni moja, na kwa dakika chache matoleo mawili huishi pamoja. Ukifuta safuwima ambayo toleo la zamani bado linaisoma, utawaangusha wateja walewale uliotaka kuwalinda. Ongeza safuwima mpya kwanza, hamisha programu, hakikisha hakuna anayeitumia ile ya zamani, ndipo uifute.

Wanangu, vifaa vyenu ni bora kuliko vyetu, lakini havitawafikiria watu kwa niaba yenu. Kabla ya kubonyeza, jiulizeni: nani yuko katikati ya shughuli sasa hivi, na je, ataimaliza?